Kamashine ka Watu Wawili

Papa Asifiwe wangu,

Sijui pa kuituma barua hii, ndiyo maana naiacha wazi. Atakayeisoma, awe Uvira, awe Bujumbura, awe kambini au hospitalini, na akamwona mwanamume mrefu mwenye mwanya, dereva wa lori la mchele, anayecheka hadithi yake mwenyewe kabla hajaimaliza, tafadhali amsomee. Namba yako nimeipiga mpaka yule mwanamke wa kwenye simu, anayenijibu kwa Kifaransa kwamba hupatikani, nimemchukia kana kwamba ni yeye aliyeninyang'anya mume. Ulishuka Luvungi kupakia mchele. Ulisema utalala Kamanyola na kesho yake uko nyumbani kabla maharagwe hayajaiva. Siku hiyo vita vikaikata barabara ya bondeni. Lori halijaonekana, wewe hujaonekana, mvua imepita, kiangazi kimepita, na mvua imeanza tena kutubomolea ngazi za Cimpunda hapa Bukavu.

Leo nataka kukueleza habari ya jeu, ule mchezo. Ndiyo, mimi, niliyekugombeza mwaka mzima kwa ajili ya kale kamashine kako ka michezo, wiki hii nimekanunua kengine kwa mikono yangu mwenyewe. Cheka kama unaweza kucheka huko uliko. Ningetoa cherehani yangu leo hii ili nikusikie unanicheka.

Unakumbuka ulivyokaleta? Ulikapata kwa dereva mwenzako Kamanyola, ukasema foleni za vizuizi zinakuzeesha, afadhali ucheze mpira huku ukingoja. Nilikutazama, baba mzima mwenye ndevu, umekunja miguu kitandani, ulimi nje, vidole gumba vinapiga vitufe. Nikakuambia nilidhani nimeolewa na mtu mzima. Ulijibu bila kuinua macho: "Mama Asifiwe, ngoya kwanza, niko napiga korner."

Nikanyamaza siku mtoto aliposhikwa na ile krizi kubwa. Wasiotujua wajue kwamba binti yetu ana SS, selimundu, ule ugonjwa wa damu, na krizi ikija mifupa inamuuma mpaka anauma shuka. Dawa ilikuwa imechelewa kufanya kazi. Mimi nilikuwa naomba rozari na kulia kwa pamoja, wala sikujua nimefika fumbo la ngapi. Wewe ulikaa pembeni yake, ukamwekea kamashine mikononi. "Kamata. Mupira ikiwa kwa miguu yako, mifupa itakungoya kidogo." Alikashika. Alikuwa analia na anacheza, halafu akawa anacheza tu, halafu akafunga bao, na akasahau kulia. Sijui daktari angesema nini. Mimi niliona kwa macho yangu.

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Kamashine ni kamoja, wachezaji wawili, basi kipindi cha kwanza chako, kipindi cha pili chake. Hakuna kuanza upya. Ukifungwa matatu, mtoto anayarithi matatu na kuhangaika nayo. Alikuwa anakulalamikia: "Papa, umeniachia tena uchafu!" Nawe unajifanya hujui, unauliza kama chai imebaki. Na majina! Mlikaa jioni nzima mkibadilisha majina ya wachezaji, mkiandika ya watu wa avenue yetu. Golini mkamweka mama yangu, ati hakuna kinachompita. Mshambuliaji akawa bailleur wetu, mwenye nyumba, kwa sababu mwisho wa mwezi hakosi. Beki wa kukata miguu ya watu mkamwita shangazi yako Nsimire wa Mudaka, na Mungu awasamehe. Nikauliza mimi niko wapi. Mkatazamana. Asifiwe akasema, "Maman njo arbitre. Anapigaka filimbi nyumba muzima." Niliwafukuza wote wawili kitandani na mwiko, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua kuwa ni furaha.

Ulipoondoka ukakabeba, kwa ajili ya foleni, kama kawaida. Mlikuwa nusu fainali ya kombe lenu.

Sasa krizi inakuja bila wewe. Mtoto amekuwa mrefu, Papa Asifiwe, nikimbeba mgongoni kushuka mpaka barabarani miguu yake inagonga ngazi. Dawa kuna siku ipo, kuna siku wananiambia barabara imefungwa, nijaribu kesho, kana kwamba maumivu nayo yanaweza kujaribu kesho. Mchana mmoja nilimkuta amelala chali, macho yamefumbwa, mikono juu ya blanketi, vidole gumba vinacheza peke yake. Nikaogopa. Nikamwuliza anafanya nini.

"Niko nacheza."

"Na nini?"

"Na kukumbuka tu, maman. Lakini mupira inanipotea."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jiko, nikajiziba mdomo na kanga. Niliporudi akaniambia: "Maman, ununue ingine. Hata ya okazion. Lakini ikuwe ya batu bawili." Sikumwuliza kwa nini ya watu wawili. Nilidhani najua. Nilidhani sisi wawili ndani ya nyumba hii tunakungoja kwa moyo mmoja.

Jumapili hiyohiyo baada ya misa walikuja wa kwenu, kaka yako mkubwa na shangazi Nsimire. Walikaa kwenye viti, wakakataa chai, nikajua ni maneno mazito. Kaka yako alizungusha kofia mikononi. Alisema familia imekaa Mudaka na imekubaliana. Jumamosi watasoma misa yako, halafu watafanya kama wazee walivyofanya kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Watakata mgomba, watauvika shati lako, watauzika pembeni ya baba yako ndani ya shamba la ndizi, na watu walie, na kilio kiishe. Ijumaa atapita kuchukua shati.

Nilimwuliza kama amechanganyikiwa. Nilimwuliza tangu lini mnazika mtu aliye njiani. Unajua sauti yangu, majirani walisogea mlangoni.

"Mama Asifiwe," alisema polepole, "unataka tungoye mupaka lini? Maman yetu, kila gari ikipita anatoka inje. Ata usiposikia gari, yeye anasikia. Ile sahani ya chakula anamuachiaka bwana yako, kila siku, anaimwangia kuku asubui. Nimechoka kuona ile. Atakufa na yeye."

"Basi mungoye naye!"

"Na weye utakuwa nini sasa? Hauko bibi, hauko mujane. Utabakia hapo katikati?"

Shangazi Nsimire alinishika tu mkono wakati wa kutoka, kwa nguvu. Si watu wabaya, najua. Hilo ndilo linanimaliza. Wangekuwa wabaya ningewafungia mlango.

Kwa hiyo katikati ya wiki nilishuka soko la Nyawera kutafuta kamashine. Nilikuwa na haraka ya kichaa. Nilijiambia kwamba kakiwa ndani ya nyumba kabla ya Ijumaa, kakingoja wachezaji wawili, hakuna atakayethubutu kudai shati. Ukiwa umekata tamaa unajitungia sheria kama mtoto, unasema nikifika kwenye kona ile kabla gari halijanipita, atarudi.

Kuna bwana mmoja pale anaitwa Fiston, anapanga simu na vitu vya okazion, vya mitumba, kwenye meza. Aliniona nimesimama muda mrefu akadhani nimepotea. "Maman, unatafuta chajeri?" Nikamwambia natafuta mashine ya michezo ya mpira. Alinitandikia tatu. Ungekuwepo ungejivunia, maana nilizipima jinsi ninavyopima kitambaa. Nilibonyeza kila kitufe, nikavuta kila kishikio kuona kama kimelegea. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nyepesi kama sahani ya plastiki, imeandikwa nje kwamba ina michezo mia nne. Nikamwambia afungue mmoja, afungue na wa pili, afungue na wa tatu. Ulikuwa mchezo uleule mmoja, wamebadilisha rangi ya kofia ya yule mtu anayeruka. "Fiston, unaniuzia chupi moja ukisema ni duzeni," nikamwambia, na walionizunguka wakacheka, naye akacheka, akairudisha chini ya meza.

Ya pili ilikuwa nzuri. Nakwambia kweli ilikuwa nzuri. Kioo kikubwa, kisafi, hata bila miwani niliona nyasi za uwanja. Betri yake, Fiston alisema, inakaa kutwa. Wewe unajua maana ya hiyo hapa kwetu, ambapo umeme unakuja kusalimia na kuondoka, na simu tunapeleka kuchaji kwa jirani mwenye panneau ya jua. Nikauliza kama inaomba connexion kila ukiiwasha, maana mtoto wa rafiki yangu alinunuliwa ya namna hiyo, na sasa inakaa kabatini inaomba mtandao tu. Hapana, hii haiombi. Nikauliza kama mpira wake unakubali kubadilisha majina ya wachezaji. Akanionyesha. Unakubali. Ningeweza kumweka mama yangu golini palepale mezani.

Ya tatu ilikuwa na kioo kidogo, kimekwaruzwa pembeni, na betri yake ni ya mtu mgonjwa. Mpira wake ni wa zamani kidogo lakini na wenyewe unakubali majina. Tofauti yake ni moja. Inakuja na kishikio cha pili, kile wanachoita manette, unakitoa ubavuni, na watu wawili wanacheza kwa wakati mmoja.

Niliuliza pia jambo ambalo sasa naona ni la kijinga. Nilimwuliza kama anaweza kuturudishia kombe lenu pale mlipolifikisha. Fiston alinieleza kwa upole kwamba kombe lile liko ndani ya mashine ile ya kwanza, kwenye kadi yake, na mashine ile isipokuwepo, na kombe halipo. Huku mtaanza mwanzo. "Mashine ile iko wapi, maman?" Nikasema imesafiri.

Halafu akaniuliza swali la kawaida kabisa, analowauliza wote. "Basi uniambie, maman, ni ya mutu moja ao ya batu bawili? Kama ni mutoto peke yake, kamata ile ya pili. Ile ya bawili, na hii courant ya Bukavu inakatikaka, utajuta."

Nilikuwa nimesimama katikati ya Nyawera, pikipiki zinapiga honi, mama wa sambaza ananisukuma na beseni la visamaki, na mimi naulizwa na muuza simu kama mume wangu ni hai. Kila akili iliniambia nichukue ile nzuri. Mtoto ana maumivu, anahitaji betri ya kukaa kutwa, ni hesabu ya wazi. Lakini ukichukua ya mtu mmoja, Mama Asifiwe, nilijiambia, umemzika mwenyewe, hapa sokoni, bila hata padri. Machozi yakanitoka mbele za watu. Nikasema ya bawili. Fiston akatikisa kichwa, akanifungia ile ya kioo kilichokwaruzwa. Tulielewana kwamba badala ya pesa nitamshonea mke wake liputa, vazi la kitenge, na kila kitu cha arusi ya mdogo wake, na ataivaa akijua kwamba kila mshono nimeushona nikikuita.

Nyumbani Asifiwe alikapokea kwa mikono miwili. Alianza na majina, yote, hakusahau hata moja. Nami nilichukua kile kishikio cha pili, nikakifunga ndani ya leso safi, nikakiweka upande wako wa kitanda, juu ya mto. Mtoto aliniangalia nikifanya hivyo. Nilifikiri ameridhika.

Leo ndiyo Ijumaa. Kaka yako alifika mchana, nikamwacha akae mbele na kofia yake, kwa sababu Asifiwe alikuwa ameshikwa tangu asubuhi, magoti na mgongo. Alikuwa anacheza na kuuma midomo, anacheza na kuuma midomo. Mara akakaweka chini.

"Maman, leta ile manette."

"Ile ni ya papa."

"Hapana. Niliombaka ju yako, ucheze na mi."

Nikamwambia hajui anachosema, ni maumivu. Akanitazama, Papa Asifiwe, na macho yako yale.

"Maman, mi najuaga. Tangu zamani. Ni weye njo hauyajua. Nikiwa nacheza peke yangu, ile maumivu inarudia. Kuya, ukamate. Sitaki tena kungoya mutu amalize kipindi yake."

Nimekuwa nikimficha mtoto kilio nyuma ya jiko, naye amekuwa akinificha kwamba alishamaliza kulia. Nilitoa kishikio kwenye leso. Nilikaa kitandani, upande wako. Vidole vyangu vya cherehani havikujua lolote, nikawa nakimbiza mpira kuelekea goli letu wenyewe, nikapiga, nikafunga, na nimemfunga mama yangu mwenyewe. Asifiwe alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kwa kuwa kucheka nako kunamuuma, na akaendelea kucheka. Nilimsikia kaka yako kule mbele naye anacheka, halafu kucheka kwake kukabadilika, nikajua amefunika uso wake na kofia.

Mchezo ulipoisha nilifungua kabati, nikatoa shati la bluu, lile nililokugeuzia kola, nikalikunja, nikampa. Sikumpa kwa kuwa nimeamini. Usije ukasema nilikata tamaa kirahisi. Nilimpa kwa ajili ya mama yako na sahani yake, na kwa sababu siwezi kumlaza mtoto wetu kila siku pembeni ya mtu anayemngoja mwingine. Lakini moyo wangu, uusikie vizuri, bado unatega sikio kila lori linapopanda mlima. Sijui kuuzuia. Nimejaribu. Nimemwambia Mungu anipe mwili nikuzike au anipe mtu nimgombeze, amekaa kimya, na ukimya wake unanitia wazimu. Nina hasira na wewe, nina hasira na mchele, nina hasira na wale wote waliobaki na waume zao na wanaonihurumia. Nakutamani mpaka ninanusa mto.

Kesho asubuhi tunapanda Mudaka. Nitavaa ninachopaswa kuvaa. Watalia, nami nitalia, hilo halitanishinda. Asifiwe atakuja, nimekubali, atakaa na bibi yake.

Sasa nisikilize, na wewe unayemsomea, msomee polepole. Kama uko hai na unatembea, kama utafika kwenu kwanza kwa kuwa ndiko njia inakopita, utaona ndani ya ndizi kaburi jipya, na msalaba una jina lako. Usiogope. Usirudi ulikotoka ukidhani tumekufuta. Ndani yake hamna mtu, ni mgomba tu umevaa shati lako. Lipite, mume wangu, ushuke mjini, upande ngazi zetu, ugonge. Nitafungua hata kama nimeshavaa nyeusi.

Mke wako,
Mama Asifiwe